Mtoto wa Tano Pichani

Mwalimu mkuu alinikabidhi darasa la kwanza Jumatatu asubuhi, tumesimama barazani mwa ofisi, na pamoja na darasa akanikabidhi habari za mtoto mmoja.

"Yule binti wa dawati la mwisho, karibu na dirisha," alisema. "Hasemi, hahesabu. Tangu shule ifunguliwe hajatoa neno. Nimeshaongea na wilayani, watamleta mtaalamu ampime, kisha apelekwe Tanga mjini, kwenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili. Huko kuna bweni. Wewe usijichoshe naye."

Sasa mimi ni mtu ambaye ukimwambia asijichoshe, hapo ndipo anapokunja mikono ya gauni. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na hasira mkononi, nikazililia kwanza ndipo nikalilia ziwa. Lakini siku hiyo nilinyamaza. Mwenye darasa alikuwa amekwenda kujifungua, mimi nilikuwa nimezoea darasa la nne, na kichwa changu kilikuwa kinawaza namna ya kukaa na watoto wanaojikojolea.

Shule yetu iko kijijini, mbele ya Maramba. Ukitoka Maramba unapanda bodaboda, na mvua ikinyesha unashuka njiani na kuisukuma pamoja na dereva. Mimi ni mtoto wa Chumbageni, nimezaliwa na kukulia pale mjini. Ila mama yangu alikuwa Mdigo wa kule mpakani, na jikoni kwetu kilisemwa Kidigo, asubuhi mpaka tunalala. Nje ya mlango ilikuwa Kiswahili. Mama akituita mtaani, watoto wenzetu walimwiga sauti na kucheka mpaka wakashika matumbo, na sisi tukajifunza kukiacha Kidigo ndani pamoja na kandambili za chooni. Nilipopangiwa kufundisha huku sikudhani kitanifaa kwa lolote zaidi ya kusalimia na kupatana bei ya mihogo.

Watoto wa darasa lile karibu wote walikuwa wa Kidigo, na watatu tu walikuwa wa wafanyakazi wa shambani waliotoka mbali. Kiswahili walikijua, msinielewe vibaya. Walikijua kama unavyojua redio ya jirani: unasikia inaongea, unadaka neno hapa na pale, wimbo ukija unaufuatisha. Lakini umwambie mtoto, "Ondoa mbili kwenye tano, kisha uniambie kilichosalia," ananitazama usoni kuona kama nimekasirika au nimefurahi, ajibu kulingana na uso wangu.

Halafu kulikuwa na kibao. Kipande cha ubao chenye kamba, ukisikika unasema Kidigo unavishwa shingoni, nawe unavizia mwenzako aseme ili umvishe yeye. Anayebaki nacho hadi saa ya kwenda nyumbani, huyo ndiye anayefagia vyoo. Watoto wa miaka sita, saba! Yule binti wa dirishani hakuwahi kuvishwa hata siku moja. Ili uvishwe lazima useme, na yeye hakusema. Ukiniuliza mimi, alikuwa mwenye akili kuliko wote mle ndani.

Siku ya tatu au ya nne nikamsikia. Ilikuwa mapumziko, nami nilikwenda nyuma ya tangi la maji kutafuta kivuli. Yuko pale amechuchumaa na vitoto viwili vya chekechea, wanacheza duka. Korosho mbichi ndizo bidhaa, majani ya mkorosho ndiyo noti. Na binti wangu bubu ndiye mwenye duka! Kinywa kinamwenda kama cherehani, Kidigo kitupu. Anawapimia korosho: mwenga, mbiri, tahu, nne, tsano. Kimoja kikataka kumdhulumu, kikalipa jani moja kikabeba za majani mawili. Lo! Alikishika mkono, akakihesabia upya na kukirudisha nyuma.

Aliponiona akafunga mdomo. Nikamwambia kwa Kidigo, "Ndzo, niuzie na mimi." Njoo. Neno moja tu hilo, na sijui nieleze vipi uso ule ulivyofanya. Alinitazama kana kwamba paka wa nyumbani ameongea.

Kesho yake nikafunga mlango wa darasa na kuanza kipindi cha hesabu kwa Kidigo. Nilisema kila kitu mara mbili, kwa Kidigo kwanza, kisha kwa Kiswahili, kwa sababu ya wale watatu na kwa sababu hicho Kiswahili ndiko nilikotaka wafike. Mama yangu! Darasa lililokuwa limelala likaamka. Mikono juu, wengine wanasimama kabisa, wananiita, wananivuta gauni. Binti wa dirishani hakunyoosha mkono, lakini nilipopita karibu na dawati lake aliniambia jibu kwa sauti ya kunong'ona, na lilikuwa sahihi. Nilitoka mle nimelowa jasho, nina furaha mpaka naona haya.

Lakini madirisha yetu hayana vioo, yana nondo tu, na mwalimu mkuu ana masikio. Mchana akaniita ofisini.

"Mwalimu, asubuhi ulikuwa unafundisha nini?"

"Hesabu."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa lugha wanayoielewa."

Akaweka kalamu chini. Si mtu mbaya, niseme ukweli hata kama naye alinichemsha. Ni Mshambaa wa Lushoto, mlokole, hajawahi kuchelewa, na hesabu za darasa la saba anazifundisha mwenyewe kwa moyo. "Lugha ya kufundishia ni Kiswahili," alisema. "Sikuitunga mimi. Leo wewe Kidigo, kesho mwenzako Kikamba, keshokutwa wale watatu nao watadai cha kwao. Utazifundisha zote?"

Swali lilikuwa na haki yake, na ndiyo maana lilinikera zaidi. "Ninaanza na walio mbele yangu," nikasema. "Na wewe mwenyewe, ukimpigia mama yako simu, unaongea naye Kiswahili?" Maana wote tulikuwa tunamsikia nyuma ya ofisi kila jioni, Kishambaa kinapaa mpaka kwenye mabati.

"Mama yangu si darasa," alijibu, akaiokota tena kalamu. Kisha akashusha sauti. "Mtaalamu anakuja wiki ijayo. Upimaji ni wa Kiswahili. Neno moja la Kidigo likikutoka mbele yake, naripoti, na wewe utahama shule hii. Na mtoto ataondoka vilevile. Sasa chagua."

Nilitoka nikaubamiza mlango. Ndiyo, niliubamiza.

Kabla ya wiki kuisha alimwita mama wa yule binti ili aambiwe. Alikuja mwanamke kijana, mwembamba, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, ametembea kutoka shambani na tope limemkauka miguuni. Alitoa shikamoo kwa mwalimu mkuu, akakaa ukingoni mwa kiti. Mwalimu mkuu akamweleza taratibu habari za kitengo, na bweni, na kwamba mtoto atatunzwa. Mwanamke alikuwa anaelewa, nilimwona macho yanavyofuata maneno. Kisha akaulizwa, "Una watoto wangapi nyumbani?"

Akavuta ncha ya khanga akaiweka mdomoni.

"Mama, nimekuuliza. Watoto wako ni wangapi?" Mara hii kwa sauti kubwa, kama anayeongea na kiziwi. Yule mwanamke akainamisha kichwa hadi nikaona kisogo chake tu.

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Unaona?" alisema polepole. "Ni ya ukoo." Wallahi nilitamani kumrushia kopo la kalamu.

Nikamtoa yule mama nje na kusema naye kwa Kidigo. Ndipo machozi yakamtoka. Aliniambia wakati wa masika alifiwa na mtoto wa kiume, mdogo kabisa, homa ya siku chache tu, na huyu binti ndiye aliyekuwa akimlea, akimbeba mgongoni kutwa nzima wakati yeye yuko shamba. "Tangu siku ile amepunguza maneno," alisema. "Na wakimchukua na huyu, mwalimu, mimi nitarudi nyumbani kwa nani?"

Nilimwambia mtoto atapimwa na atafaulu, nikasema kwa ujasiri ambao sikuwa nao. Sikumuuliza kwa nini hakujibu lile swali ofisini. Akili yangu yote ilikuwa kwenye siku ya upimaji.

Wiki ile niligombana na kila kitu. Niligombana na mvua, na chaki, na dereva wa bodaboda. Kila mchana nilibaki na binti darasani, korosho mezani, tukizihamisha kutoka Kidigo kwenda Kiswahili. Mwenga ni moja. Mbiri ni mbili. Alikuwa mwepesi mpaka unachoka wewe. Kwa korosho, kwa vizibo vya soda, kwa vijiti, alihesabu, akajumlisha, akatoa, na kwa Kiswahili, sauti ndogo lakini inasikika. Salamu nilimfundisha, jina lake kulitamka huku anatazama mbele, "hii ni penseli," "hiki ni kikombe," yote.

Jambo moja tu lilinitatiza. Mwenzangu aliyenitangulia alikuwa na mtindo wa kufundishia hesabu kwa watoto wenyewe: wawili wasimame mbele, aje mmoja, jumla wangapi? Ni njia nzuri, haina gharama, watoto wanacheka. Nami nikaifuata. Lakini nikiwasimamisha tu, yule binti anateleza chini ya dawati lake kama aliyeangusha kitu. Asubuhi hivyohivyo, mwalimu mkuu akipita kuhesabu vichwa kwa kunyoosha biki, yeye yuko chini. Niliona ni woga wa yule mwanamume, nikasema utapungua tu.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari la mtaalamu lilifika limepakwa tope hadi kwenye vioo. Alishuka mama mtu mzima, amejitanda mtandio, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na mkoba mkubwa wenye kadi za picha. Alionekana amechoka, maana ametoka shule nyingine asubuhi hiyohiyo. Tukampa shikamoo, akaitikia, akaomba maji ya kunawa miguu.

Nilipopita barazani nikamkuta mama wa binti amesimama chini ya mchirizi wa bati, ameshika furushi. Nguo za mtoto. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia aje nazo, kwani gari lilikuwa linarudi Tanga siku ileile na nafasi ilikuwepo. Niliposikia hivyo nilipandwa na hasira mpaka nikaona giza. Yaani mtoto hajaulizwa hata neno moja na kiti chake kwenye gari kishatengwa! Lakini nilijibana. Nilijua nikilipuka pale nje, ndani sitaingizwa.

Niliruhusiwa kukaa kwenye kiti cha mlangoni ili mtoto asilie. Mwalimu mkuu alikaa upande wa pili, mikono kifuani, jicho kwangu. Binti akakalishwa mbele ya mtaalamu, miguu haifiki sakafuni.

"Shikamoo," akasema. Bila kuulizwa!

"Marahaba, mwanangu. Jina lako nani?"

Akalitaja. Mwalimu mkuu akakaa wima. Mtaalamu akamwonyesha penseli, kikombe, kiatu, na vyote akavitaja. Nikaanza kujiambia, tumepita, alhamdulillahi, tumepita.

Kisha mtaalamu akatoa kadi kubwa na kuilaza mezani. Ilikuwa picha ya watoto wanacheza uwanjani. Wanne wanaruka kamba, na wa tano, mdogo, amekaa pembeni kwenye nyasi.

"Nihesabie watoto hawa," alisema. "Wako wangapi?"

Binti akanitazama. Mimi nikatazama sakafu, kwa sababu jicho la mwalimu mkuu lilikuwa juu yangu.

"Hesabu, mwanangu. Usiogope."

Kidole kikatoka kwenye mapaja, kikagusa wa kwanza. "Moja." Mvua inapiga bati, sauti haisikiki vizuri. "Mbili." Kidole kikasogea. "Tatu." Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. "Nne."

Akasimama hapo. Akaurudisha mkono na kuukalia.

"Malizia," alisema mtaalamu. "Na huyu je?" Akamwonyesha yule mdogo wa pembeni. Binti akautoa mkono haraka, akaufunika uso wa yule mtoto wa pichani kwa kiganja, akabana midomo. Machozi yakaanza kumshuka lakini kiganja hakukiondoa.

Mtaalamu akaandika. Mwalimu mkuu akashusha pumzi, na sikuona furaha usoni mwake, niseme hilo pia. Ikatolewa kadi ya pili, baba na mama na watoto wao wamekaa kwenye mkeka. Hii hakuigusa kabisa. Mtaalamu akaandika tena, akafunga kalamu, akaanza kukusanya kadi zake.

Mimi huyu nilikuwa nimejiuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu. Nikamwona yule mama nje na furushi lake. Nikasema, potelea mbali, nihamishwe.

Nikamuuliza binti kwa Kidigo, kwa sauti ya kusikika ofisi nzima: kwa nini umembakisha huyu mmoja?

"Mwalimu!" Mwalimu mkuu alisimama, kiti kikaanguka. "Nilikuambia nini mimi?"

Lakini mtoto alikuwa ameshaanza kujibu, na alipoanza hakukatika. Aliongea Kidigo kile cha nyumbani, mfululizo, huku kiganja kiko palepale kwenye picha. Mimi nilikuwa namsikiliza. Nikakumbuka jikoni kwetu Chumbageni. Mgeni akimuuliza mama ana watoto wangapi, mama alikuwa akisema, "Tupo, Mungu katupa," na ukijaribu kutuhesabu kwa kidole alikupiga mkono. Watu hawahesabiwi. Mbuzi hawahesabiwi mbele ya mwenyewe, sembuse watoto. Nilikuwa nimelijua hilo kabla sijajua kuvaa viatu.

"Amesema nini?" mtaalamu aliuliza. Alikuwa amesimama na kadi mkononi.

Nilitafsiri, na sauti yangu haikuwa yangu. "Anasema watu wote wakihesabiwa wanaisha. Anasema walikuja kwao watu wa kugawa vyandarua, wakawahesabu mmoja mmoja kwa kidole ili wajue wawape vingapi. Wa mwisho alikuwa mdogo wake, yeye amembeba mgongoni. Wakasema, na huyu mdogo, basi, mmekamilika. Baada ya hapo mdogo wake akapata homa, akafa." Nikaionyesha kadi. "Anasema huyu wa pichani ni mdogo, na yeye amemficha."

Mimi najua homa ile haikuletwa na kidole cha mtu. Wale watu walikuja kwa heri, na chandarua ni kinga. Lakini nenda ukamweleze hivyo mtoto ambaye mgongo wake bado unakumbuka uzito wa mwenzake.

"Huu ni ushirikina," alisema mwalimu mkuu, ila aliusema kwa sauti iliyokwisha nguvu. Alikuwa anaitazama kadi. Aliitazama muda mrefu, kisha akainama kukiinua kiti chake, na akiwa bado ameinama akasema kama anayeongea na nafsi yake, "Lakini ili ambakishe mmoja, si lazima awe amejua wako watano?"

Mtaalamu akakaa tena kitini. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa. "Mwalimu," aliniambia mimi, "una kitu cha kuhesabia ambacho si mtu?"

Kama ninacho! Mifuko yangu wiki ile ilikuwa imejaa korosho kama ya nyani. Nikazimwaga mezani.

"Muulize kwa lugha yenu."

"Mama, samahani," mwalimu mkuu akaanza, "mwongozo unasema upimaji..."

"Mwongozo umenituma nipime akili ya mtoto," alisema mtaalamu, hakupandisha sauti. "Hilo la lugha ni lako na mwalimu wako, mtalizungumza mimi nikiondoka. Haya, mwalimu."

Nikauliza. Binti akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, kiganja kingine bado kiko kwenye picha, na kwa huo mmoja akaanza kuzisogeza korosho. Akahesabu zote. Akatoa, akajumlisha. Mtaalamu akaficha baadhi chini ya mkono wake na kuuliza amefichiwa ngapi. Binti akazitazama zilizobaki, akasema. Sawasawa. Akaficha nyingine. Sawasawa. Mara ya tatu mtoto akajibu kwa Kiswahili, mimi sijafungua mdomo, na mtaalamu akacheka kidogo, pumzi tu iliyotoka puani.

Akarudisha kadi kwenye mkoba. Ile ya uwanjani aliivuta taratibu, na kiganja cha mtoto hakikutaka kuiachia. Mtaalamu akafikiri, kisha akaiacha palepale mezani. "Mtoto huyu hapandi gari langu," alimwambia mwalimu mkuu. "Ana akili timamu. Ana msiba."

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa. Kisha akanitazama. "Na sisi tutaongea," alisema. Tuliongea, ndiyo, na hatukupatana siku hiyo wala mwezi ule. Kuniripoti hakuniripoti. Kibao kilitoweka kwenye msumari wake, na mpaka leo hakuna aliyekiri kukitoa. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Nikatoka mbio barazani. Yule mama alikuwa palepale chini ya mchirizi, nusu ya mgongo imelowa. Aliponiona naja, akanyoosha mikono na kunipa furushi. Alidhani nimekuja kulichukua.

"Rudi nalo," nikamwambia kwa Kidigo. "Mtoto haendi popote. Rudi nalo nyumbani."

Hakucheka, hakupiga kigelegele, hakunishukuru. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake, akaniuliza kwa sauti ya chini sana kitu ambacho kumbe ndicho alichokuwa amesimama nacho mvuani muda wote ule.

"Wamemhesabu?"

"Hapana," nikasema. "Hawakumhesabu."

Basi akaketi. Palepale kwenye sakafu yenye maji, furushi mapajani, akalia kwa sauti, kilio cha tangu masika, nami nikachuchumaa kando yake na hasira zangu zote nikiwa sina pa kuzipeleka. Binti akatoka ofisini. Alimtazama mama yake kidogo, hakulia. Akalichukua lile furushi mapajani mwake, akalipandisha mgongoni na kulirusharusha likae vizuri. Akaomba khanga, akajifunga nalo kifuani kwa fundo la watu wazima, mkono mmoja nyuma akilishikilia chini lisiteleze. Mvua ilikuwa imepungua. Wakaondoka hivyo kuelekea kwao, mama mbele, yeye nyuma amebeba.